Mgeni wa heshima akishaondoka, nani hubaki na tangi?

Mwalimu mmoja kijana alinisimamisha juzi nje ya duka la vitabu akanieleza, kwa furaha isiyofichika, kwamba ameteuliwa kuwa mlezi wa chama cha kujitolea shuleni kwake. Wanafunzi wake wanataka kuwachangia fedha wazee wa makao fulani ya jirani, na tayari wameunda kamati tatu: ya mapambo, ya chakula na ya itifaki. Jambo moja tu lilikuwa limemshinda. Je, nilimjua mtu yeyote mwenye jina, awe mbunge au mfanyabiashara, ambaye angekubali kuwa mgeni wa heshima?

Nilimuuliza wazee hao wanahitaji nini. Akasita. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Simcheki mwalimu huyo hata kidogo. Njia anayoikanyaga niliikanyaga mimi mwaka 2011, nilipokuwa nikifundisha hisabati katika shule moja ya upili huko Ukambani na kukilea chama cha Interact. Kwa wasiojua, vyama vya Interact ni vya vijana wa umri wa kati ya miaka 12 na 18, na kila kimoja hudhaminiwa na klabu ya Rotary. Cha kwanza kilianzishwa katika shule moja jimboni Florida, Marekani, mwaka 1962. Rotary yenyewe ilikuwa imefika Nairobi zamani zaidi, mwaka 1930. Kila chama cha Interact hutakiwa kufanya angalau miradi miwili kwa mwaka, mmoja wa kuifaa shule au jamii inayokizunguka, na mwingine wa kukuza maelewano baina ya mataifa.

Mradi wetu wa mwaka huo ulikuwa tangi la maji la shule ya msingi ya jirani. Watoto wa pale walikuwa wakija shuleni kila asubuhi na vitabu mkono mmoja na mtungi wa lita tano mkono wa pili, maji yakiwa yametekwa katika mchanga wa mto uliokauka. Wanafunzi wangu walitembea kilomita 20 wakiwa na kadi za mchango, wakabisha milango ya maduka, wakawasumbua wajomba na shangazi zao. Zikapatikana shilingi 118,000. Msomaji, sijui kama unaelewa fahari tuliyokuwa nayo.

Siku ya kukabidhi tangi tulikodi mahema, viti na vipaza sauti. Tulishona fulana, tukapika pilau. Mgeni wa heshima alifika saa nane badala ya saa nne, akahutubu kwa dakika 50, akakata utepe na kufunua jiwe la ukumbusho lililochongwa jina lake kwa herufi kubwa na la chama chetu kwa herufi ndogo. Tukapigwa picha. Tukaondoka.

Mwaka mmoja na ushei baadaye, mwanafunzi mpya wa kidato cha kwanza, aliyetoka kijiji kile, aliinua mkono mkutanoni. Tulikuwa tukijadili mradi mwingine, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Aliuliza kwa sauti ya chini, kama aombaye radhi, iwapo fedha hizo zingeweza kutumiwa kununulia bomba la lile tangi la zamani, kwa sababu yeye alikuwa amemaliza darasa la nane akiwa bado anabeba mtungi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kujionea. Mfereji wa bati uliopaswa kukinga maji ya paani ulikuwa umefungwa kwa waya mwembamba. Upepo wa msimu wa kwanza ukauangusha. Mdomo wa tangi ulikuwa umezibwa na majani makavu na mjusi aliyekufa. Bomba lilikuwa limeibwa. Kitu kimoja tu kilikuwa katika hali njema, nacho ni jiwe la ukumbusho. Liling'aa. Mwalimu mkuu, mzee mpole mwenye adabu za kizamani, alinieleza kwamba watoto walikuwa wakilifuta kila Ijumaa wasije wageni wakalikuta na vumbi.

Nilimuuliza kwa nini hakutuarifu. Akanijibu, “Mwalimu, mtu akikupa ng'ombe, wewe utarudi kwake kumlalamikia kamba?”

Jibu hilo lilinikosesha usingizi. Tulikuwa tumewapa watu wale zawadi iliyowafunga midomo. Kwa kuwa sherehe ilikuwa kubwa, na shukrani zao zilikuwa zimekwisha kutolewa hadharani mbele ya vipaza sauti, hawakuwa na njia ya heshima ya kusema kwamba kitu hakifanyi kazi.

Mweka hazina wetu, msichana wa kidato cha tatu asiyependa maneno mengi, aliomba daftari la hesabu tuliporudi. Akaandika ubaoni: tangi, shilingi 74,000, mifereji na bomba, 9,000, sherehe, 35,000. Msingi wa mawe haukuwamo kwa sababu wazazi waliujenga bila malipo. Kisha akageuka akauliza swali ambalo mimi, mwalimu wa hisabati, sikuwa nimeliuliza: wale watu waliotia shilingi 20 katika kadi zetu waliambiwa kwamba karibu theluthi moja ya fedha zao itakuwa mahema na pilau?

Hawakuambiwa. Kosa hilo lilikuwa langu, wala si la watoto. Nilikuwa nimewafundisha kukusanya, nikasahau kuwafundisha kwamba fedha ya mchango ina mwenyewe hata baada ya kutoka mfukoni mwake.

Baadaye nilikuja kujua kwamba vyama vikongwe vilikwisha kuliona tatizo hili na kulitafutia dawa. Vyama vya Lions, vilivyoasisiwa na Melvin Jones mjini Chicago mwaka 1917, vina kanuni ya kutenganisha hesabu mbili. Gharama za kuendesha chama, yaani mikutano, chakula na barua, hulipwa kwa ada za wanachama wenyewe. Fedha zilizotolewa na umma huwekwa katika hesabu nyingine, nazo hazina budi kurudi kwa umma. Mwanachama akitaka pilau, ajinunulie pilau. Kanuni hii haihitaji mhasibu. Madaftari mawili ya mazoezi yanatosha, na chama chochote cha shule kinaweza kuifuata kuanzia kesho asubuhi.

Sisi Wakenya tuna sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Neno harambee, ambalo Mzee Jomo Kenyatta alilifanya kuwa mwito wa taifa mwaka 1963, lilijenga madarasa mengi mno ambayo serikali isingeweza kuyajenga peke yake. Wengi wa walimu wanaosoma safu hii walisomea humo, ama wazazi wao. Lakini neno hilohilo liligeuzwa. Wenye umri wa makamo wanakumbuka miaka ya 1980 na 1990, kuku alivyotwaliwa uani na mtoto alivyorudishwa nyumbani kwa kukosa risiti ya mchango, huku wakubwa wakishindana kutangaza vitita jukwaani. Mambo yalifika mahali Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 ikawakataza watumishi hao kutumia vyeo vyao kuwashurutisha watu kuchanga. Kijana anayejifunza leo kwamba mchango hauwezi kufanyika bila mkubwa mezani anarithi ugonjwa ule, wala hajui.

Na kabla ya harambee ya majukwaa kulikuwako nini? Wakamba wana mwethya, Wakikuyu wana ngwatio, Waluo wana saga. Katika mwethya watu hawaji na bahasha. Huja na majembe. Makundi hayo ndiyo yaliyochimba matuta mengi ya Machakos na kuzuia udongo usiteremke mabondeni, na ndiyo yaliyobeba mawe ya mabwawa ya mchanga yanayohifadhi maji chini ya vitanda vya mito ya msimu. Hakuna jiwe la ukumbusho, na mtu asiyefika hujulikana.

Wanafunzi wangu waliamua kurudi kwa tangi lile, safari hii bila kuchangisha chochote kwa umma. Walitoa fedha zao wenyewe kidogo kidogo, wakanunua bomba, kufuli, wavu wa kuzuia majani na vyuma vya kushikia mfereji. Siku ya kwanza tuliwakuta akina mama wapatao kumi uwanjani. Mmoja wao, bibi wa makamo, alitutazama akatuuliza tumekuja na mgeni gani. Tulipomwambia hatukuja na mgeni, alicheka, akamtupia mwanafunzi wangu sepetu. “Basi leo kuna kazi,” akasema.

Hapo ndipo hisabati ilipoingia, na nitaomba nafasi kidogo kwa ajili ya wenzangu wa ubaoni. Kila milimita moja ya mvua inayoangukia mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa tulilolifungia mfereji lilikuwa na urefu wa mita 20 na upana wa mita 8, yaani mita za mraba 160. Tangi lilikuwa la lita 10,000. Lingejaa, hata tukikadiria kwamba moja ya tano ya maji hupotea, kwa mvua ya milimita 80 hivi, kiasi ambacho mvua za vuli, ambazo Ukambani hutegemewa zaidi ya zile za masika, huweza kukileta. Shule ilikuwa na watoto 300. Kila mmoja akipewa lita moja kwa siku, tangi litadumu siku 33 za masomo. Wanafunzi waliyafanya mahesabu hayo wenyewe, na yakawahuzunisha, maana mwaka wa kwanza tuliwaahidi watu kwa kipaza sauti kwamba mitungi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Tulichoweza kutoa ni takriban wiki saba za masomo bila mtungi kila tangi lijaapo, nasi tukawaambia wazazi hivyo. Hakuna aliyekasirika. Mzee mmoja alisema wiki saba anazozijua ni bora kuliko milele ya wanasiasa.

Huenda msomaji akadhani nasimulia jambo dogo mno. Basi na tulitazame kubwa. Mwaka 1985 Rotary ilijitwika ahadi ya kuchangia chanjo ya polio kwa watoto wa dunia nzima. Miaka mitatu baadaye, ilipoungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengineo katika vita hivyo, ugonjwa ulikuwa ukiwalemaza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Kanda ya Afrika ya shirika hilo ilitangazwa kuwa imetokomeza virusi asilia vya polio Agosti 25, 2020. Miaka 35! Waliotoa mchango wa kwanza wengi wao hawakuishi kuiona siku hiyo.

Fedha zilikuwa nyingi, ni kweli. Hata hivyo, walimu waliowahi kuyaona makundi ya chanjo yakipita vijijini watakumbuka kitu kingine: chaki. Mtoto akishatiwa matone mawili mdomoni, kidole chake hupakwa wino, na mlango wa nyumba huandikwa alama kwa chaki. Nyumba ambayo mtoto hakupatikana huandikwa alama yake pia, ili watu warudi. Kurudi huko ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Mwaka 2013 virusi vilipoingia tena nchini mwetu na kuwapata watu 14, wengi wao katika eneo la Dadaab, watu hao wa chaki walianza upya mlango kwa mlango, wala hapakuwa na utepe wa kukata.

Nalisema hili sasa kwa sababu mtaala wa umilisi umeifanya huduma kwa jamii kuwa sehemu ya masomo ya mwanafunzi. Naipongeza hatua hiyo, ingawa ina hofu yake. Kitu kikishatiwa alama hutafutiwa njia ya mkato, na hakuna njia ya mkato iliyo nyepesi kama picha ya wanafunzi 30 waliovaa fulana mpya, wameshika fagio moja. Mwalimu atakayekagua kazi hiyo afadhali asiulize picha. Aulize walirudi lini mara ya mwisho, na walikuta nini.

Yule mwalimu kijana nilimshauri awapeleke wanafunzi wake kwa wazee wale Jumamosi moja, mikono mitupu, wakakae nao na kuwasikiliza. Aliahidi kufanya hivyo, ingawa uso wake ulinionyesha kwamba kamati ya itifaki haitafurahi.

Kuhusu tangi, kulikuwa na daftari. Watoto wa shule ile ya msingi walichagua kamati yao, wakakata fimbo na kuitia alama za vipimo, na kila Jumatatu mmoja wao alipanda ngazi kupima maji huku mwalimu akiishika. Nilipopita pale kuaga, kabla ya kuhamishwa, nililifungua ukurasa wa mwisho. Mwandiko ulikuwa wa mtoto wa darasa la tano au la sita: “Maji futi mbili. Bomba linavuja kidogo. Tumewaambia wale wa sekondari. Wamesema watakuja Jumamosi.” Chini yake, kwa kalamu nyingine: “Wamekuja.”