Usifunge Duka Ili Ukasome MBA

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongelea shule. Wengi wetu tumeishia Form Four, tukashika simu tukaanza kutafuta wateja. Halafu kila ukiingia mtandaoni unakuta mtu kavaa joho, kamaliza MBA yake, na wewe unabaki kujiuliza: niuze duka nikasome, au nibaki na chaja zangu?

Jibu langu nalisema mapema: soma kama unataka, ila duka lisifungwe. Ngoja nieleze.

Mimi nina miaka 24, niko Kisaki, Morogoro Vijijini, hapa treni ya TAZARA inapopita ikitoka Dar kwenda Mlimba. Nauza vifaa vya simu na taa za sola. Picha naweka status ya WhatsApp, oda zinatoka hapa hapa, Mngazi, Bwakira mpaka Mvuha, mzigo unaenda na boda. Mmoja wa wateja wangu ni kaka mmoja, meneja wa kambi ya watalii huku upande wa hifadhi. Anasoma MBA kwa masafa huku anafanya kazi. Kupitia kwake nimeona hii kitu kwa karibu.

MBA NI NINI HASA

Ni shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara. Unaisoma baada ya digrii ya kwanza. Ndani kuna hesabu za fedha, masoko, kusimamia wafanyakazi, uchumi, mikakati, halafu vyuo vingi vinamalizia na utafiti unaouandika mwenyewe. Ilianza Harvard, Marekani, mwaka 1908. Mwaka 1943 Chuo Kikuu cha Chicago kikaanzisha ya mameneja ambao tayari wako kazini. Hapo mwanafunzi anakuja darasani na shida ya ofisini kwake, anarudi kazini na kitu cha kujaribu.

Kwetu Morogoro jambo hilo sio geni. Mzumbe, kwenye barabara ya Iringa, palianza mwaka 1953 enzi za mkoloni kama shule ya kuwafundisha machifu, madiwani na watumishi wa serikali za wenyeji. Walikuwa watu wenye kazi zao. Mwaka 1972 pakawa chuo cha uongozi wa maendeleo, na 2001 pakawa chuo kikuu. Leo MBA inatolewa hapo. SUA pale mjini nao wana ya biashara ya kilimo. Na kuna Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho unasoma ukiwa mbali na kina vituo mikoani.

ANASOMA SAA NGAPI?

Hilo ndo swali nililomuuliza kaka meneja. Akaniambia: "Mdogo wangu, wageni wakilala, mimi nafungua kompyuta." Saa nne usiku mpaka saa sita. Masomo anayapakua akija kijijini kwenye mtandao mzuri, anasoma kambini bila bando. Kazi nzito za kuandika anazisogeza Aprili na Mei, mvua kubwa zikinyesha, barabara mbaya na kambi nyingi zimefungwa.

Hapo mfanyabiashara una la kuchukua. Ijue miezi yako ya biashara mbovu. Ukitaka kusoma chochote, hata kozi ya wiki mbili, iweke kwenye miezi hiyo. Ukiiweka msimu wa mavuno, wakati watu wana hela, utapoteza vyote viwili.

SOMO MOJA LILILOINGIA DUKANI KWANGU

Kuna siku alipewa kazi ya kupima mtaji unavyozunguka kwenye biashara ndogo. Akaniomba namba zangu, bila jina la duka. Tukakaa na daftari.

Taa ya sola inanifikia kwa 20,000, nauza 32,000. Faida 12,000 kwa moja. Lakini wateja wengi wa taa ni wakulima, wanalipa kidogo kidogo mpaka wavune ufuta. Kwa wastani hela yote inarudi baada ya siku 60.

Chaja inanifikia kwa 5,000, nauza 6,500. Faida 1,500 tu. Ila ni hela mkononi, na mzigo wa chaja 12 unaisha ndani ya siku 15.

Sasa chukua 60,000.

Ukiweka kwenye taa, unapata taa 3. Baada ya siku 60 faida ni 36,000.

Ukiweka kwenye chaja, unapata chaja 12. Faida ni 18,000 kila siku 15. Ndani ya siku 60 umezungusha mara 4. Faida ni 72,000.

Ukiangalia faida kwa kipande kimoja, taa inashinda mbali. Ukiangalia faida kwa siku ambazo hela yako imelala, chaja inaizidi mara mbili. Hesabu hii inakubali tu kama wateja wa chaja wapo kila raundi, maana huwezi kuuza chaja 120 kijiji kimoja. Kwa hiyo taa sijaziacha, zinaniletea wateja wa mbali. Ila sehemu kubwa ya mtaji nimeiweka kwenye vitu vya mzunguko wa haraka, taa naagiza kwa oda iliyolipiwa nusu.

Fanya leo na wewe. Andika bidhaa zako tano. Kila moja andika bei ya kununulia pamoja na usafiri, bei ya kuuzia, na siku ngapi hela inachukua kurudi mkononi. Safu ya tatu ndo wengi hatuna.

Sasa angalia: somo hilo limekuwa tamu kwa sababu duka lilikuwepo. Kaka alikuwa na nadharia, mimi nilikuwa na daftari. Bila daftari ile ni hesabu ya mtihani tu.

NJIA YA FORM FOUR MPAKA MBA

Ipo, na ni ndefu. Ukiwa na ufaulu wa masomo manne, yaani D nne bila kuhesabu ya dini, unaweza kuomba astashahada, mwaka mmoja. Ukifaulu, stashahada, miaka miwili. Ukitoka na GPA isiyopungua 3.0 unaomba digrii, kwa biashara ni miaka mitatu. Halafu MBA, mwaka mmoja na nusu mpaka miwili.

Jumlisha: karibu miaka minane. Miaka minane bila duka ni miaka minane bila kula. Na ada ya MBA peke yake inaenda kwenye mamilioni. Ndo maana nasema duka liwe linakulipia shule, sio shule imeze duka.

Mimi naomba astashahada ya biashara Morogoro mjini. Mdogo wangu wa kike anabaki kaunta, mimi naendelea kupokea oda kwenye simu na kutuma mzigo. Ada naitoa kwenye faida, kwa mafungu. Mtaji haguswi mtu. Miezi sita ya kwanza ikionyesha mauzo yanashuka, nitasimama stashahada isubiri. Nimeshaliandika hilo, maana ukishakolea na shule ni rahisi kuchota droo.

KABLA HUJALIPA HELA YOYOTE

1. Matangazo ya "MBA kwa mwezi mmoja" yapo mengi mtandaoni. Angalia kwanza kama chuo kinatambuliwa na TCU. Kwa astashahada na stashahada, angalia NACTVET. Cheti cha nje ya nchi kinapelekwa TCU kitambuliwe.

2. Uliza ratiba: ni jioni, wikiendi au masafa? Na mitihani unafanyia wapi? Nauli na kulala ni sehemu ya ada.

3. Jiulize unataka nini. Kama ni cheo ofisini, cheti kina kazi. Kama ni duka likue, anza na daftari, kozi fupi, na kumuuliza anayesoma anafundishwa nini.

4. Ukimjua mtu anayesoma MBA, mpe namba zako azifanyie kazi. Yeye anapata mfano wa kweli, wewe unapata mshauri wa bure.

Kaka meneja amebakiza utafiti. Anaandika kuhusu kambi zinavyonunua mboga na mchele kwa wakulima wa jirani. Mimi nasubiri amalize nione namba, maana mchele wa huku nao nafikiria kuuweka status.