Aliyewakusanya Watu Ndiye Mwenye Dhamana

Kila zinapokaribia sherehe za taifa, malori hupambwa, watoto wa halaiki hufundishwa hatua zao, na kila taasisi hutaka gari lake lipite mbele ya jukwaa likiwa limebeba watu na zana za kazi yao. Desturi hii ni njema, wala hatuna nia ya kuitia ila. Lakini liko suali moja ambalo halipendwi kuulizwa katika vikao vya maandalizi: akifa mtu katika maandamano, nani wa kujibu? Jawabu ya haraka huwa ni dereva. Sisi tunaiona jawabu hiyo kuwa nyepesi mno, na ushahidi wetu tunautoa mbali, kwa kuwa huko jambo lilichunguzwa hadi mwisho na matokeo yakawekwa wazi kwa kila mtu kuyasoma.

Tarehe 15 Novemba 2012, katika mji wa Midland, jimbo la Texas, Marekani, yalifanyika maandamano ya kuwaenzi askari waliojeruhiwa vitani. Askari hao na wake zao walipandishwa juu ya malori mawili marefu yaliyo wazi, wakawekewa viti na kupambiwa bendera. Njia waliyopangiwa ilikatiza reli. Lori la kwanza lilivuka salama. La pili lilikuwa bado juu ya reli treni ya mizigo ilipofika kwa mwendo wa kilomita zipatazo 100 kwa saa. Askari wanne walikufa na watu wengine zaidi ya kumi wakajeruhiwa. Watu waliorudi hai kutoka vitani wakafia katika sherehe ya kuwapongeza.

Mtu wa mwanzo kunyooshewa kidole alikuwa dereva. Taa za onyo zilikuwa zinawaka na kengele inalia, naye akaingia relini. Basi lawama si yake? Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichunguza kwa takriban mwaka mzima, na mwezi wa Novemba 2013 ikatoa uamuzi ambao tungependa kila mwenyekiti wa kamati ya sherehe ausome. Bodi ilisema chanzo cha ajali ni mji wa Midland na waandalizi wa maandamano kushindwa kuitambua hatari ya kuwapitisha watu relini na kuiondoa. Kampuni ya reli haikuarifiwa kwamba siku ile kutakuwa na msafara. Laiti ingearifiwa, treni ingeweza kupunguzwa mwendo au kusimamishwa. Kanuni ya mji ilitaka kibali; maandamano yakafanyika bila ya kibali, na polisi wa mji huo huo wakayasindikiza. Na madereva, kwa kuona polisi wametangulia na njia panda zimezuiwa, waliamini kuwa usalama wao umekwisha kushughulikiwa na mwengine.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Dereva alimtegemea polisi, polisi akamtegemea mwandalizi, mwandalizi akautegemea mwaka uliopita, kwa kuwa maandamano yalikwisha kufanyika kabla ya hapo bila ya msiba. Kila mmoja alikuwa na mtu wa kumtegemea, na treni haikuwa na habari ya yeyote kati yao.

Likaja suala la fidia. Majeruhi na wafiwa walifungua mashitaka ya madai dhidi ya kampuni ya reli na kampuni yenye lori, na madai hayo yakamalizwa kwa maafikiano. Na mji je? Sheria ya Texas imeiwekea miji mipaka ya kudaiwa: dola 250,000 kwa mtu mmoja na dola 500,000 kwa tukio zima, tena kwa aina chache tu za makosa. Isitoshe, sheria ya Marekani hairuhusu ripoti ya bodi ile kutumika kama ushahidi katika kesi ya madai. Kwa hivyo ukweli ulitamkwa katika chumba kimoja na malipo yakazungumzwa katika chumba chengine. Hatusemi haya kwa kuwacheka. Tunayasema kwa sababu mtumishi wa Serikali anayedhani kwamba mwisho wa yote mahkama itapambanua kila mtu na mzigo wake, ajue kuwa hata penye mawakili wengi hivyo jambo hilo si jepesi.

Msomaji wa Unguja atatuambia kuwa sisi hatuna reli, na ile ya Bububu iling'olewa zamani. Ni kweli. Lakini tuna malori, tuna breki, tuna watoto wanaotembea kwa miguu mbele ya magurudumu. Tarehe 19 Novemba 2022, katika mji wa Raleigh, huko huko Marekani, gari lililokuwa likivuta jukwaa la mapambo lilishindwa kusimama likamuua mtoto wa kike wa miaka 11 aliyekuwa akicheza ngoma mbele yake. Reli haikuwapo. Na tarehe 21 Machi 2021, katika Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, watu 45 walikufa kwa msongamano walipokwenda kumuaga Rais Magufuli. Hapo hapakuwa na gari wala treni, bali watu tu.

Wazee wetu waliosoma fiq-hi hawakulihitaji neno la Kizungu kulifahamu jambo hili. Vyuoni tulifundishwa kwamba mwenye kuchimba shimo katika njia ya watu bila ya idhini, akatumbukia mpita njia akafa, huyo mchimbaji ana dhamana ingawa hakumsukuma mtu. Na anayeua kwa kukosea, bila ya kukusudia, diya haimwondokei. Hubebwa na jamaa zake. Nia njema huondoa dhambi ya kuua kwa makusudi, haiondoi haki ya mayatima. Mwenye kuandaa maandamano ameipangia umma njia ya kupita. Shimo likiwamo katika njia hiyo, ni lake.

Kwa hivyo hatutaki sherehe zipunguzwe, wala hatutaki kamati mpya, kamati zinatosha. Tunataka kibali kiwe ni masuali na si muhuri. Nani ameipita njia yote kwa miguu? Nani amezikagua breki za kila lori, na lini? Waliopanda juu wameshika nini gari likifunga breki ghafla? Kati ya gari na watoto wa halaiki iko nafasi ya hatua ngapi? Gari la wagonjwa litapita wapi barabara ikijaa watu? Bima ya lori inawahusu waliopandishwa juu yake, au inamhusu mwenye lori peke yake?

Na chini ya masuali hayo tungependa kuona mstari mmoja wa kuandikwa jina la mtu, si la kamati wala la idara, na pembeni yake saini iliyotiwa kabla ya lori la kwanza kuwashwa.