Je, Wajua? Mahojiano Yaliyochapwa kwa Nyota na Maua

Je, wajua kuwa mwaka 1994 jarida la muziki la Ray Gun, la Marekani, lilichapa mahojiano na mwanamuziki wa Uingereza Bryan Ferry kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma? Msanifu wa jarida, David Carson, aliyaona mahojiano hayo yanachosha. Hakuomba yaandikwe upya. Alichagua fonti ya Zapf Dingbats, ambayo ukibonyeza herufi inakutolea nyota, maua na miraba midogo. Safu zilinyooka vizuri, aya zilikaa mahali pake, ila neno hakuna hata moja. Maandishi yanayosomeka yaliwekwa nyuma kabisa ya toleo hilohilo. Hata hivyo, shabiki wa Ferry aliyetoa pesa yake alikuwa na haki ya kununa.

Carson hakuanzia kwenye usanifu. Alikuwa mwalimu wa sosholojia na hodari wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Ray Gun ilipoanzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya vijana wapenzi wa roki mbadala, alipewa uhuru ambao wahariri wachache huutoa: herufi zinapandana, vichwa vya habari vinakatwa na ukingo wa karatasi, safu mbili zinagusana mpaka jicho linapotea njia.

Aliondoka mwaka 1995. Kufikia hapo, mtindo wake ulikuwa umeshaigwa na matangazo ya biashara, yale yaliyolenga vijana haohao.