Upepo kwenye breki: Hasara ya msimu inayozuilika nyumbani

MKULIMA wa mpunga wa Galula, wilayani Songwe, anapofunga hesabu za msimu huorodhesha mbegu, mbolea, vibarua, magunia na usafiri. Ni nadra kumkuta ameandika mafuta ya breki. Hata hivyo, kwa mwenye pikapu au gari dogo la mizigo, chupa hiyo moja, ambayo bei yake haifiki ya gunia la mpunga, ndiyo inayolinda vyote alivyoorodhesha.

Galula ipo katika bonde la Ziwa Rukwa, wakati masoko ya Mbalizi na jiji la Mbeya yapo juu. Kwa mantiki hiyo, mpunga hupanda mlima, na mbolea, saruji na bidhaa za dukani hushuka. Safari ya kushuka na mzigo ndiyo inayopima breki.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kushuka na pikapu iliyojaa mbolea. Katikati ya mteremko pedeli ya breki ilizama hadi chini. Dereva alirudisha gia, akalipeleka gari kwenye tuta la udongo pembeni, likasimama. Tulikaa kama nusu saa. Alipokanyaga tena, pedeli ilikuwa ngumu kama kawaida. "Zimepona," alisema, na safari ikaendelea.

Ukweli ni kwamba hazikuwa zimepona.

Kwa nini pedeli huzama

Breki za magari madogo hufanya kazi kwa mafuta yaliyo ndani ya mabomba. Unapokanyaga pedeli, masta silinda husukuma mafuta hadi kwenye magurudumu. Mafuta hayabonyei, hivyo nguvu ya mguu hufika yote. Upepo, kinyume chake, hubonyea. Ukiwemo ndani ya bomba, mguu wako hubana upepo badala ya kubana breki.

Upepo huingia pale mafuta yanapopungua mno kwenye chombo chake, mpira unapovuja, au fundi anapofungua bomba kubadilisha kifaa. Lakini ipo njia nyingine, nayo ndiyo iliyotukuta mlimani. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Mafuta mapya ya DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji ya karibu asilimia 3.7, kiwango hicho hushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Ukishuka mlima huku mguu haubanduki kwenye breki, joto la magurudumu huyachemsha mafuta yaliyochakaa, mvuke hutokea, na mvuke hubonyea kama upepo. Gari likipoa, mvuke hurudi kuwa maji na pedeli hugeuka ngumu. Ugonjwa unabaki pale pale, ukisubiri mteremko mwingine.

Namna ya kuutoa

Kazi hii, ambayo mafundi huiita kublidi, inahitaji watu wawili, spana inayoenea vizuri, mpira mwembamba unaopitisha mwanga, chupa safi, na mafuta mapya ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa chombo cha mafuta ya breki.

Kwanza, kagua uvujaji kwenye mabomba na magurudumu yote. Palipovuja parekebishwe kabla ya lolote. Kutoa upepo bila kuziba ulikoingilia ni kuahirisha ajali.

Pili, egesha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye magurudumu, na usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee.

Tatu, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa magari yetu mengi yenye usukani kulia, ni la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Yapo magari yenye utaratibu tofauti, hivyo kitabu cha gari kifuatwe.

Nne, chomeka mpira kwenye skrubu ya kutolea upepo, ncha ya pili izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Mwenzako akanyage pedeli polepole na kuishikilia. Fungua skrubu kidogo. Mafuta na mapovu yatatoka. Funga, ndipo mwenzako aachie pedeli. Akiachia kabla hujafunga, upepo utarudi ndani. Rudieni hadi mapovu yaishe na mafuta yatoke safi.

Tano, ongeza mafuta kwenye chombo kila baada ya kukanyaga mara chache. Kikikauka, kazi inaanza upya. Kwa gari la zamani, weka kipande cha ubao chini ya pedeli isifike mwisho, kwani huko ndani huweza kuwa na kutu inayokata mipira ya masta silinda.

Mafuta yaliyotoka yasirudishwe. Oili ya injini isitumike kabisa, kwani huharibu mipira ya breki.

Ukimaliza, washa injini na ukanyage pedeli kwa nguvu kwa nusu dakika. Ikiendelea kushuka taratibu, gari lisitoke; mwite fundi. Ikitulia, jaribu breki kwa mwendo mdogo, mahali tambarare, bila mzigo.

Malori yenye breki za upepo hayahusiki na maelezo haya, na baadhi ya magari yenye ABS huhitaji fundi mwenye kifaa maalumu.

Hesabu ya mwisho

Gharama ni chupa ya mafuta na asubuhi moja ya watu wawili. Upande wa pili wa mizani kuna gari, mzigo wa mbolea ambao pengine ni wa mkopo, na watu waliokaa juu ya mzigo huo. Mchumi hahitaji kikokotoo hapo.

Fanya kazi hiyo kabla ya msimu wa kusafirisha mbolea. Na mlimani, shuka kwa gia nzito ili breki zipumzike. Pedeli ikizama kisha ikarudi, usiseme imepona.