MASHUA BILA KAPITENI: NANI ANASHIKA USUKANI?

Alhamisi, katika mabishano yetu ya jioni, nilisema kwamba kule Ubelgiji kuna mashua za mizigo zinazotembea katika mifereji bila kapiteni ndani. Watu walicheka sana. Lakini mdogo mmoja wa mwaka wa pili, ambaye baba yake ni kapiteni kati ya Kindu na Ubundu, hakucheka. Alinifuata mpaka kisimani, akaniuliza: "Yaya, sasa baba atafanya kazi gani?" Siku ile sikumjibu vizuri. Ninajaribu hapa.

Kwanza, si kweli kwamba mutu hayuko kabisa. Katika mji wa Antwerpen kuna kampani inayoitwa Seafar. Kapiteni wao anakaa katika biro, na mbele yake televizio nyingi. Kamera na radari za mashua zinamtumia picha, naye anageuza usukani kwa mbali. Mara nyingi wanabaki pia watu wachache ndani ya mashua. Hiyo ni kuongoza kwa mbali.

Mashua inayojiamulia yenyewe ni jambo lingine. Mwaka 2018 Kamisyo Kuu ya usafiri wa mto Rhine iliweka vipimo kutoka 0 mpaka 5. Kwa 0, kapiteni anafanya yote. Kwa 3, mashini inaongoza na kuepa mashua zingine, lakini mtu akae tayari kuitika ikimwita. Kwa 4 haimngoji mtu tena, lakini ni mahali fulani tu. Mfano wao ni kipande cha mfereji kati ya malango mawili ya maji. (Lango la maji ni kama chumba: mashua inaingia, wanafunga, maji yanaongezwa ao yanapunguzwa, nayo inapanda ao inashuka kama kwa ngazi.) Kupita langoni penyewe, mashini bado inaomba mutu! Kwa 5 tu ndipo haimwombi popote.

Kwa nini wanajisumbua hivi? Sababu kubwa ni mshahara. Mifereji mingi ya kule ni myembamba. Mashua yake ya mita 38 na nusu inabeba tani 300 na kitu, lakini kubwa za Rhine zinafika 3.000. Tani ni mara kumi, lakini wafanyakazi hawazidi mara kumi. Basi ile ndogo inashindwa, na mizigo inahamia kwa kamyo. Tena vijana wa kule hawapendi kulala majuma mengi juu ya maji. Kapiteni wa biro anarudi kwake jioni.

Na hapa kwetu? Mashini inahitaji kujua iko wapi, maji ni marefu kiasi gani, na nani anakuja mbele. Juu ya Rhine, tangu mwezi wa 12 mwaka 2014, mashua kubwa zote zinalazimishwa kubeba chombo kinachotangaza jina na mahali pao, pamoja na ramani ya elektroniki. Pirogi yetu inatembea usiku hata bila taa, na mbao hazirudishi vizuri mawimbi ya radari. Mtandao wa simu nao ukikatika, kapiteni wa biro amekuwa kipofu. Mashua lazima ijue kusimama peke yake.

Lakini neno kubwa ni mchanga. Mfereji hausogei, mto wetu unahama kila masika. Likizo iliyopita baleniera yetu ilikwama siku mbili mahali ambapo mwaka uliotangulia tulipita bila shida. Mjomba wangu alikuwa mbele na mti mrefu wenye alama za rangi, akipima na kupaza sauti. Ramani iko, lakini mchanga haungoji wachoraji.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikudanganyi: katika mifereji ile kazi ya mtu wa sitaha inapungua kweli. Lakini kwa mto wetu, kabla ya kuleta mashini, lazima kwanza mtu aifundishe mambo ambayo baba yako anayajua. Likizo hii umuulize njia imehama wapi na wapi tangu alipoanza kazi, uandike yote katika daftari. Mimi nitatafuta karatasi kubwa ya kuchorea.