Kupe wa Juba na hazina iliyogandishwa Muguga

JUBA: Mfanyabiashara anayenunua ng'ombe Bor au Terekeka na kuwaleta sokoni Juba hukagua meno, mwili na bei. Kinachoweza kumfilisi hakionekani kwa macho: ni kimelea cha ndigana kali, kinachobebwa na kupe. Ng'ombe asiyeuzoea ugonjwa huo huweza kufa ndani ya wiki chache.

Ndigana imesafiri pamoja na mifugo. Mapigano ya mwaka 1991 yaliwasukuma wafugaji wengi wa Bor hadi Equatoria, kwenye kupe wengi wa aina hiyo. Baada ya mkataba wa amani wa 2005, ng'ombe walirudi Jonglei, na ugonjwa ukaenda nao.

Kinga ipo, nayo ilizaliwa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970, maabara ya Muguga, nje ya Nairobi, ilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Watafiti wake walitengeneza chanjo ya vimelea hai vya aina tatu: Muguga na Kiambu 5 kutoka Kenya, na cha tatu kilichotokana na nyati wa Serengeti, Tanzania. Ng'ombe huchomwa vimelea hivyo pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini siku hiyohiyo, na sindano moja humkinga kwa miaka mingi.

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, lakini vimelea havikutupwa. Viliendelea kutunzwa ndani ya naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Bila mitungi hiyo, chanjo isingekuwepo leo.

Jijini Nairobi, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) ina ghala la sampuli liitwalo Azizi. Sampuli hupewa alama ya msimbopau, na kompyuta huonyesha ilitoka wapi, lini na kwa mnyama gani. Kumbukumbu za namna hiyo huvuka mpaka bila lori wala ushuru.

Hatari ya kutokuwa nazo imeonekana Khartoum. Vita vilivyoanza Aprili 2023 viliharibu Makumbusho ya Historia ya Asili ya Sudan, yaliyotunza vielelezo vya zaidi ya karne moja. Kielelezo kilichoungua bila picha wala maandishi kimepotea kabisa. Hata hivyo, picha peke yake haitoshi, kwani haiwezi kupimwa vinasaba wala kuzaa chanjo.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016, na ng'ombe wake hawajui mpaka. Mwenye mifugo naye ana sehemu yake. Mnyama akivimba tezi chini ya sikio na kupata homa, aitwe daktari wa mifugo kabla hajafa. Kupe wawekwe kwenye chupa yenye spiriti, na juu yake iandikwe tarehe na mahali mnyama alikotoka. Chupa isiyo na maandishi hayo haina faida kwa maabara.