Kalanga, zabibu na vumbi la mugodi

Ndugu zetu wa mugodi, na ninyi wamama wa nyumbani, mutu akiwaletea chupa ya vidonge na kusema hii ni resveratroli, inasafisha mapafu, mumusikilize, lakini feza ibakie kwanza mufukoni.

Jina hilo si la uongo. Resveratroli iko kweli. Ni ya jamaa ya stilbeni, na Mujapani Michio Takaoka njo alieleza habari yake mwaka 1939. Iko ndani ya ngozi ya zabibu na ndani ya kalanga tunazokula. Mumea unaitengeneza kwa kujikinga: ukuvu ukiingia, ao jua likiuchoma, unaunganisha kipande kimoja cha aina moja na vitatu vya aina ingine.

Katika maabara ilionyesha nguvu. Lakini mwilini, mambo ni mengine. Ukimeza, ini linaigeuza haraka, na ile inayobaki katika damu ni kidogo sana. Mwaka 2010 kompanyi GlaxoSmithKline ilisimamisha majaribio yake kwa wagonjwa wa kansa ya uboho, kwani wamoja waliharibika mafigo.

Jamaa hii imezaa wazuri na wabaya. Tamoxifen, dawa ya kansa ya maziwa, inatokea humo. Dietilstilbestroli, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1938, inatokea humo pia. Waganga waliipa wamama wenye mimba ili mimba isitoke. Mwaka 1971, huko Marekani, ikajulikana kama mabinti waliozaliwa na wamama hao wamoja wanapata kansa ya uke. Basi jina haitoshi. Kila dawa inapimwa kwa ugonjwa wake.

Na ugonjwa wetu ni silikozi. Vumbi la jiwe likishaacha makovu katika mapafu, hakuna kidonge kinachoyaondoa. Tena linafungulia kifua kikuu mulango. Mutu akikohoa majuma mawili, aende kupimwa makohozi. Kifua kikuu kinapona.

Vumbi linashindwa kule linakotokea: maji kwenye mashini ya kutoboa, hewa ya kutosha chini, maski inayofunga vizuri, radio ya mapafu kila mara. Hiyo ni deni ya kompanyi, si ya mushahara wenu. Mwambieni delege wa sandika aidai kwa barua. Kalanga mukule, ni chakula kizuri. Lakini kalanga haifanyi kazi ya maski.